Kitunguu Saumu, Nguvu Yake na Mpaka Wake

Mwezi huu twataka kunena habari za kitu kidogo kisichokosa jikoni mwa watu wengi, nacho ni kitunguu saumu. Mtu apitaye sokoni Morogoro mjini hukiona kimepangwa mafungu mafungu karibu na tangawizi, malimau na pilipili, na mara nyingi muuzaji hamsifii mteja wake utamu wa mchuzi, bali humwambia magonjwa ambayo ati kitunguu hicho huyaponya: presha, kisukari, kifua, minyoo, hata na maradhi makubwa kuliko hayo. Wanunuzi husikia, hununua, na wengine wakifika nyumbani huviweka kando vidonge walivyopewa hospitali. Hapo ndipo penye neno la kuangaliwa kwa makini. Maana si uongo kwamba kitunguu saumu kina nguvu. Nguvu kinayo kweli, na wataalamu wameipima. Lakini kila nguvu ina mpaka wake, na asiyeujua mpaka huo aweza kupoteza uhai wa mtu wa nyumbani mwake huku akidhani anamtendea mema.

Kwanza tuseme kidogo juu ya jina. Wako Wakristo wanaodhani kwamba kitunguu hiki kina uhusiano na mfungo, kwa kuwa saumu ni kufunga. Sivyo. Waarabu hukiita thum, na watu wa pwani wakalitamka neno hilo kwa njia nyingi, thumu, thomu, hata likafanana na saumu. Ni mfanano wa sauti tu. Katika Maandiko Matakatifu kitunguu saumu chatajwa mara moja tu, katika kitabu cha Hesabu, sura ya 11, Waisraeli waliponung'unika jangwani wakikumbuka samaki na matango na vitunguu vya Misri. Tena Herodoto, Myunani aliyesafiri Misri zaidi ya miaka 400 kabla ya Kristo, aliandika ya kwamba mkalimani wake alimsomea maandishi ya piramidi kubwa, yanayotaja talanta 1,600 za fedha zilizotumika kuwanunulia wajenzi figili, vitunguu na vitunguu saumu. Kama mkalimani yule alisoma sawasawa ni neno jingine. Wenye elimu wengi wana shaka naye, kama tulivyo na shaka na wakalimani wengine. Lakini ya kuwa Wamisri walikipenda hakuna shaka, kwa maana kaburi la mfalme Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka 1922, vilionekana humo vitunguu saumu vilivyokauka.

Basi, nguvu yake iko wapi? Twawaomba waalimu walifanye jambo hili mbele ya watoto darasani, kwa kuwa halina gharama. Chukua punje moja nzima ambayo haijakatwa, uimenye kwa uangalifu, uwape watoto wanuse. Hawatasikia harufu kubwa. Kisha iponde kwa jiwe au kwa kisu, uwape tena. Sasa darasa lote litajaa harufu, na wa nyuma watacheka. Halafu chukua punje nyingine nzima, uichemshe katika maji muda wa robo saa, ndipo uiponde. Itakuwa laini na tamu, na ile harufu kali haitatokea. Waulize watoto: Je, kali ile ilitoka wapi mara ya kwanza, na mara ya pili imekwenda wapi?

Jibu lake ni hili. Ndani ya punje mna vitu viwili vinavyokaa mbalimbali, kama majirani waliotengwa na ukuta. Kimoja huitwa aliini, nacho kina kiberiti ndani yake, yaani salfa. Cha pili ni kimeng'enya kiitwacho aliinasi. Punje ikiwa nzima havikutani. Ikipondwa, au ikiumwa na mdudu shambani, ukuta huvunjika, vitu hivyo hukutana, na katika muda mfupi sana hutokea kitu cha tatu, alisini, chenye harufu na ukali. Kumbe, mmea haukutengeneza kitu hiki kwa ajili yetu. Ni silaha yake ya kujilinda na wadudu na ukungu na vijidudu vya udongoni. Moto huua kimeng'enya, kwa hiyo punje iliyochemshwa nzima haiwezi tena kuifanya alisini. Ndiyo sababu wapishi wenye elimu hiyo hushauri kukiponda kitunguu na kukiacha kitulie kama dakika 10 kabla ya kukitia chunguni, ili ile kazi ya ndani ipate kutimia kwanza. Alisini nayo haidumu. Hugeuka upesi ikawa vitu vingine vyenye kiberiti, na baadhi ya hivyo hupita katika damu mpaka mapafuni, ndipo mtu akanuka pumzi saa nyingi baada ya kula hata akipiga mswaki mara tatu.

Alisini ilitengwa kwa mara ya kwanza huko Marekani mwaka 1944 na wataalamu wawili, Chester Cavallito na John Hays Bailey. Walipoijaribu juu ya vijidudu, iliviua vya namna nyingi. Lakini walipoipima na penisilini, waliona nguvu yake ni kama sehemu moja tu katika mia. Miaka michache baadaye Arthur Stoll na Ewald Seebeck, katika mji wa Basel nchini Uswisi, wakaitambua aliini na kuonyesha jinsi moja inavyotoka katika nyingine. Wasomaji wetu wa Ulanga na Kilombero watafurahi kusikia jina la Basel, maana ni kutoka mji huo huo Profesa Rudolf Geigy alipokuja Ifakara, na mwaka 1957 ukafunguliwa pale mtambo wa uchunguzi wa magonjwa ambao leo umekuwa Taasisi ya Afya Ifakara.

Sasa tuangalie vema jambo ambalo huwapoteza wengi. Kusikia ya kwamba kitu chaua vijidudu katika kigae cha kioo si sawa na kusikia ya kwamba chaponya mtu. Maji yanayotokota huua vijidudu vingi, wala hakuna mganga ayatiaye katika mishipa ya mgonjwa. Mwili una tumbo, una ini, una damu inayozunguka, na dawa haina budi kupita huko kote ikiwa bado ina nguvu, ifike mahali penye ugonjwa kwa kiasi kitoshacho, wala isimwumize mwenyewe. Alisini haifiki mbali, yavunjika njiani. Kwa hiyo wataalamu wa kweli hawakuridhika na vigae vya kioo, bali waliwajaribu watu, nusu wakipewa kitunguu saumu na nusu wakipewa kitu cha kufanana nacho kisicho na nguvu, bila kujua nani kapata nini.

Wamepata nini? Katika Uingereza, jaribio moja lililotangazwa mwaka 2001 lilikuwa na watu 146 kwa muda wa majuma 12. Waliokula vidonge vya kitunguu saumu walipata mafua mara 24, na wale wengine mara 65. Ni habari njema, lakini ni jaribio moja, na waliolipima baadaye walisema ushuhuda mmoja hautoshi. Huko Venezuela waganga walitengeneza marhamu kwa kitu kiitwacho ajoini, kinachotokana na alisini, wakawapaka watu wenye fangasi za miguuni, na wengi wao walipona. Juu ya mafuta yanayoganda katika damu, ambayo huitwa kolesteroli, palikuwa na sifa nyingi sana mpaka wataalamu wa chuo cha Stanford, Marekani, walipowachukua watu 192, wakawapa kitunguu kibichi au vidonge vya namna mbili au kitu kisicho na nguvu, siku 6 kila juma, kwa miezi 6. Matokeo yalitangazwa mwaka 2007: hapakuwa na tofauti. Na juu ya presha, yaani shinikizo la damu, majaribio mengi yaonyesha ya kwamba kwa watu ambao presha yao imepanda, kitunguu saumu chaweza kuishusha kidogo. Twasema kidogo, na twaomba neno hilo lisipitwe.

Maana presha ni ugonjwa wa kimya. Haimwumi mtu, haimtoi jasho, haimlazi kitandani. Tumfikirie mama mmoja wa mlimani, mwenye miaka 55, ashukaye kwa miguu na tenga la mboga na kupanda tena na mzigo wa chumvi na sabuni. Zahanati walimpima wakamwambia presha iko juu, wakampa vidonge, wakamwambia avimeze kila siku pasipo kuacha. Baada ya mwezi anajiona mzima, vidonge vimekwisha, nauli ni ghali, na jirani amwambia kwamba dada yake alipona kwa kumeza punje tatu za kitunguu saumu kila asubuhi. Mama aamini nini? Kwa Waluguru, wanaohesabu ukoo upande wa mama, neno la mjomba lina uzito nyumbani. Na mjomba naye akisema, "Mwanangu, acha vitu vya hospitali, hiki ni chakula, hakina madhara," basi shauri limekwisha. Mwaka unapita, hakuna lililotokea, na kila mtu akisifu kitunguu. Kisha siku moja asubuhi mama anaanguka jikoni, mkono na mguu vya upande mmoja havina nguvu, na kinywa kimepinda. Aliyelaumiwa hapo, mara nyingi, ni jirani mwenye jicho baya.

Twaandika haya si kwa kumtisha mtu. Twaandika kwa sababu mambo hayo hutukia katika nyumba za Wakristo kama katika nyumba nyingine, na mwalimu wa kijiji huulizwa kabla ya mganga. Mama akija akasema, "Shikamoo mwalimu, nimesikia kitunguu saumu kinashusha presha, je, ni kweli?" mwalimu asimcheke, wala asimkaripie. Amjibu, "Marahaba, mama. Ni kweli chashusha kidogo. Kile katika mboga yako kila siku kama upendavyo. Lakini vidonge usiviache, na siku ya kupimwa mwambie mganga kwamba wakila." Akimkataza kitunguu, mama atakila kwa siri na kumficha mganga, na hiyo ndiyo hatari kubwa zaidi.

Yaliyotokea katika nchi nyingine na katika nchi yetu yatufundishe. Huko Afrika Kusini, Daktari Manto Tshabalala-Msimang, aliyekuwa waziri wa afya tangu 1999 hata 2008, aliwasifia watu kitunguu saumu, malimau na viazi vyekundu viitwavyo bitiruti kuwa vyakula vya kuwasaidia wenye virusi vya UKIMWI, huku serikali ikikawia kuwapa dawa. Katika mkutano mkuu wa Toronto mwaka 2006, meza ya nchi yake ilipambwa kwa vyakula hivyo, na dunia ikashangaa. Wataalamu wa chuo cha Harvard walikadiria mwaka 2008 ya kwamba kukawia huko, kati ya mwaka 2000 na 2005, kuligharimu uhai wa watu zaidi ya 330,000. Kitunguu chenyewe hakikuua mtu; kilichoua ni kuwekwa mahali pasipo pake. Kwetu Tanzania, mwaka 2011, maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, wakanywa kikombe kimoja kwa shilingi 500, na wako waliorudi wakaacha dawa zao wakiamini wamekwisha pona. Na mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, masufuria ya tangawizi, malimau na kitunguu saumu yalichemka karibu kila mtaa. Shirika la Afya la Ulimwengu lilisema wakati ule kwamba kitunguu saumu ni chakula chema, lakini hakuna ushuhuda ya kuwa kilimlinda mtu na ugonjwa huo. Si vibaya kunywa kitu cha moto chenye harufu nzuri mtu akiwa na mafua. Vibaya ni kunywa na kudhani kwamba amekwisha jikinga, akaingia katika umati.

Wala tusidhani kwamba wenye elimu huzidharau dawa za miti. Pale Muhimbili, Dar es Salaam, kimekuwako tangu mwaka 1974 kitengo cha kuchunguza dawa za asili, ambacho baadaye kilifanywa taasisi kamili, na kazi yake ni kuzipima, si kuzicheka.

Liko neno jingine, nalo twaligusa kwa ufupi. Wako watu wanaomfungia mtoto mchanga punje ya kitunguu saumu shingoni au mkononi, au kuiweka chini ya mto, ili kumkinga na majini na husuda. Mkristo akifanya hivyo hali chakula wala hatumii dawa, amefanya hirizi. Tena kwa mtoto mchanga punje ile yaweza kuwa na hatari ya wazi: aweza kuitia kinywani ikamkaba, na ikiwa imepondwa humchoma ngozi kama moto. Ndiyo, hata mtu mzima akifunga kitunguu kilichopondwa juu ya jino, jipu au kidonda, akakiacha usiku kucha, aweza kuamka na malengelenge. Waganga katika nchi nyingi wameandika habari za watoto walioungua hivyo kwa mikono ya mama zao wapendwa.

Na wenye kumeza dawa fulani yawapasa kujihadhari. Kitunguu saumu kingi hufanya damu ikawie kuganda. Kwa hiyo mtu anayetumia dawa za kulainisha damu kama warfarini, au aspirini kila siku, asimeze vidonge vya kitunguu pasipo kumwuliza mganga. Na mwenye kungojea upasuaji aviache angalau siku 7 kabla. Kwa wenye virusi vya UKIMWI, uchunguzi wa Marekani ulionyesha ya kwamba vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza karibu nusu kiasi cha dawa moja iitwayo saquinavir katika damu. Dawa hiyo sasa haitumiki sana, lakini jambo lenyewe latuonyesha kwamba chakula na dawa huweza kugombana tumboni bila mgonjwa kusikia ugomvi wao. Kitunguu kidogo katika mchuzi hakina neno. Ninachosema ni vidonge, na zile punje nyingi mbichi zinazomezwa kama dawa. Wamama wenye mimba nao wale kama chakula tu. Wanyonyeshao wasiogope: wataalamu waliona kwamba maziwa ya mama aliyekula kitunguu saumu hubadilika harufu, na watoto, badala ya kuyakataa, walikaa titini muda mrefu zaidi!

Jambo la mwisho la hatari ni mafuta. Siku hizi wengi hupenda kuponda kitunguu saumu, kukitia katika chupa ya mafuta na kukiweka rafuni kwa majuma mengi. Tafadhali msifanye hivyo. Punje hutoka udongoni pamoja na vijidudu ambavyo hupenda mahali pasipo hewa, na ndani ya mafuta hewa haipo. Huko hutengeneza sumu isiyo na harufu wala ladha, inayolegeza viungo hata mtu ashindwe kupumua. Mwaka 1985, mjini Vancouver katika Kanada, watu 36 waliugua kwa kula kitunguu saumu kilichowekwa hivyo. Tengeneza kidogo, kile siku ile ile.

Kiasi gani basi chafaa? Shirika la Afya la Ulimwengu, katika kitabu chake cha mwaka 1999, liliandika gramu 2 hata 5 za kitunguu kibichi kwa siku kwa mtu mzima, yaani punje moja kubwa au mbili ndogo. Mwenye vidonda vya tumbo akiona kinamchoma, akiache kibichi, ale kilichopikwa. Kiponde pamoja na chumvi, kingoje kidogo, kisha ukitie katika maharage, au mchicha, au kisamvu, moto ukiwa karibu kuzimwa. Tena chumvi ikipunguzwa kwa kuwa kitunguu kimeleta ladha, hilo peke yake lamsaidia mwenye presha, labda kuliko kitunguu chenyewe.

Walio na shamba mlimani wangefanya vema kukipanda. Kitunguu saumu hupenda baridi, na ndiyo maana Mbulu, katika Mkoa wa Manyara, wamejulikana kwa kilimo chake. Upande wa mashariki wa Uluguru, Kinole na Tegetero na Matombo, penye mvua nyingi zitokazo baharini, pamekwisha kuwa nchi ya pilipili manga, mdalasini, karafuu na iliki, na unyevu ule wauozesha upesi mmea huu. Lakini huko Mgeta, ukipanda kwa njia ya Mzumbe mpaka Langali na Nyandira, watu wamezoea tangu zamani kulima kabeji, karoti na njegere katika matuta ya ngazi, na bustani za namna hiyo zingekifaa. Hakipandwi kwa mbegu, bali kwa punje zenyewe. Chagua vichwa vikubwa visivyo na ukungu, uvipasue, uzipande punje za nje zilizo nene, ncha ikitazama juu, nafasi ya upana wa kiganja kati ya moja na moja, masika yanapoanza kupungua ili mmea ukue katika miezi ya baridi. Maji yasituame. Majani yakianza kuwa manjano, baada ya miezi minne au mitano, acha kumwagilia. Kisha vichimbue taratibu, uvifunge mafungu, uvitundike kivulini penye upepo majuma mawili au matatu. Punje nzuri kuliko zote usizile wala usiziuze: hizo ni mbegu za mwaka ujao.